Mhuri kwenye fomu haumlindi mtoto uwanjani

Kila msimu wa michezo ya shule unapokaribia, walimu wa michezo hupita madarasani kuchagua timu. Wapo wa mbio, wa mpira wa miguu, wa netiboli, wa wavu na wa kurusha tufe. Watakaofanya vizuri shuleni watakwenda kata, kisha wilaya, kisha mkoa, na wachache watafika fainali za taifa za UMITASHUMTA kwa shule za msingi au UMISSETA kwa sekondari.

Mzazi huombwa mambo machache: ruhusa, nauli, raba, na wakati mwingine fomu ya afya iliyojazwa na kugongwa mhuri. Fomu hiyo ndiyo ninayotaka tuizungumze leo, kwa sababu wengi wetu tumeizoea kama karatasi ya kumpitisha mtoto, si kama uchunguzi.

Mnajua inavyokuwa. Mzazi anafika zahanati asubuhi akiwa na fomu mkononi, mtoto mwenyewe yuko darasani. Tabibu ana foleni ya wagonjwa hadi nje. Anauliza, “Mtoto mzima?” Mzazi anajibu, “Mzima kabisa, hana shida.” Mhuri unagongwa. Hakuna aliyepima presha, hakuna aliyesikiliza moyo, na baya zaidi, hakuna aliyeuliza swali hata moja la maana.

Hoja yangu ni hii. Vijana wetu wanapaswa kuchunguzwa kabla ya michezo, na jambo hilo linawezekana hata kwa zahanati ya kata, kwa sababu msingi wake si mashine ghali. Msingi wake ni maswali machache ambayo majibu yake mengi anayo mzazi peke yake. Mzazi asipoyajibu kwa ukweli, hata hospitali yenye mashine zote inaweza kumpitisha mtoto mgonjwa.

Tunatafuta nini kwa mtoto anayeonekana mzima?

Niseme mapema ili nisieleweke vibaya: michezo ni dawa. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Sitaki mzazi asome makala haya kisha amfungie mwanawe ndani. Kwa watoto karibu wote, kukaa bila mazoezi kuna madhara makubwa kuliko kucheza.

Lakini wapo wachache ambao moyo wao una hitilafu isiyoonekana kwa macho. Tafiti za Marekani hukadiria kuwa katika kila wanamichezo vijana 50,000 hadi 80,000, mmoja hufa ghafla kwa tatizo la moyo kila mwaka. Wengine huzaliwa na msuli wa moyo unaonenepa kupita kiasi. Wengine umeme unaoendesha mapigo ya moyo wao una kasoro. Wengine mishipa inayolisha moyo imekaa mahali pasipo pake. Mtoto wa namna hii anaweza kuwa ndiye mwenye mbio kuliko wote darasani.

Wapenda soka wanamkumbuka Marc-Vivien Foé, kiungo wa Cameroon. Juni 26, 2003 alianguka katikati ya uwanja mjini Lyon, Ufaransa, katika nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Colombia, na hakuamka tena. Alikuwa na miaka 28. Uchunguzi wa mwili wake ulionyesha alikuwa na ugonjwa huo wa msuli wa moyo kunenepa.

Hapa kwetu, Desemba 2016, mshambuliaji wa miaka 19 wa timu ya vijana ya Mbao FC alianguka kwenye Uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba katika mechi dhidi ya vijana wa Mwadui, muda mfupi baada ya kufunga bao. Alifariki dunia. Kifo cha ghafla uwanjani kinaweza kuwa na sababu nyingi na sitaki kumsemea marehemu. Ninachosema ni kwamba kila tukio la namna hii linapaswa kutufanya tuulize: vijana wanaobaki wanachunguzwaje?

Katika mazingira yetu kuna magonjwa mengine mawili ambayo vitabu vya Ulaya havitayapa uzito tunaopaswa kuyapa.

La kwanza ni ugonjwa wa valvu za moyo unaotokana na maambukizi ya koo. Mtoto anapata mafindofindo, hatibiwi ipasavyo, koo linapoa lenyewe. Wiki mbili tatu baadaye anapata homa na viungo vinavimba: leo goti, kesho kifundo cha mguu, keshokutwa kiwiko. Nyumbani tunasema ni baridi, au “anakua huyo”, tunamchua kwa mafuta na maumivu yanapita. Kumbe kinga ya mwili iliyokuwa ikipambana na bakteria wa koo imeshambulia pia valvu za moyo. Miaka inapita, na kijana anaanza kukosa pumzi uwanjani, kocha anamwita mvivu.

La pili ni selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyoiita. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu. Makadirio yanayotumika ni takriban watoto 11,000 kila mwaka. Mbali na wagonjwa wenyewe, wapo wengi zaidi ambao wamerithi kinasaba kimoja tu kutoka kwa mzazi mmoja. Hawa huishi kama watu wengine, lakini wakilazimishwa kukimbia mfululizo kwenye jua kali bila maji wala mapumziko, wachache wao wanaweza kuanguka vibaya.

Maswali ambayo mzazi lazima ayajibu

Haya ndiyo maswali ambayo ningependa kila mzazi ayasome leo akiwa amekaa na mwanawe, kabla hajaenda kutafuta mhuri.

1. Je, amewahi kuzimia, au kukaribia kuzimia, akiwa anakimbia au mara tu baada ya kukimbia?

2. Je, amewahi kulalamika kifua kinauma au kinabana wakati wa kucheza?

3. Je, moyo huwa unamwenda mbio ghafla au unaruka mapigo bila sababu?

4. Je, anachoka au kukosa pumzi haraka kuliko wenzake wa umri wake, hasa kama zamani hakuwa hivyo?

5. Je, daktari yeyote amewahi kusema moyo wake una sauti isiyo ya kawaida, au presha yake iko juu?

6. Je, amewahi kuvimba na kuumwa viungo vinavyohamahama baada ya kuumwa koo?

7. Je, ana pumu, selimundu, kisukari, kifafa, au amewahi kupata degedege ukubwani?

8. Je, amewahi kugongwa kichwa akapoteza fahamu, au ana jicho moja au figo moja tu inayofanya kazi?

9. Je, anatumia dawa yoyote, ya hospitali, ya dukani au ya kienyeji?

10. Je, katika familia, upande wa baba na upande wa mama, kuna ndugu aliyekufa ghafla kabla ya kufikisha miaka 50, au mwenye ugonjwa wa moyo tangu ujana?

Swali la kwanza linahitaji maelezo. Watoto wengi huanguka mstarini asubuhi, wamesimama muda mrefu juani bila kunywa chai. Wanaona kizunguzungu, wanatoka jasho, wanakaa chini, wanaamka. Huko mara nyingi ni kuzimia kwa kawaida. Kuzimia katikati ya mbio ni jambo jingine kabisa. Mtoto aliyeanguka akiwa anakimbia asirudi uwanjani mpaka daktari amuone, hata kama aliamka baada ya sekunde chache na kusema yuko sawa.

Swali la kumi ndilo gumu kuliko yote, na ndilo tunalolijibu vibaya zaidi. Ukiuliza kama kuna ndugu aliyekufa ghafla, wengi watasema hapana. Ukiendelea kuzungumza, unasikia habari za baba mdogo aliyelala mzima akakutwa amekufa, na ukoo mzima ulikubaliana kwamba alirogwa. Unasikia habari za shangazi aliyekuwa hodari wa kuogelea lakini akazama kwenye maji aliyoyazoea. Unasikia habari za kaka aliyeacha njia na pikipiki peke yake, mchana kweupe, akiwa hajanywa kitu. Kwa familia hivyo ni vifo vitatu vyenye sababu tatu. Kwa daktari, vinaweza kuwa ugonjwa mmoja wa moyo unaorithiwa. Ipo hitilafu ya umeme wa moyo ambayo huamshwa hasa na kuogelea.

Sibishani na imani ya mtu. Ninaomba tu mzazi ataje vifo hivyo jinsi vilivyotokea, amwachie daktari kazi ya kuvipima. Ugonjwa wa msuli wa moyo kunenepa, kwa mfano, ukiwa kwa mzazi, kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuurithi. Familia ikinyamaza, mtoto wa pili na wa tatu wanaachwa njia moja na yule wa kwanza.

Kwa sababu hiyo mama peke yake au baba peke yake hatoshi. Pigeni simu kwa bibi na babu. Wao ndio wenye daftari la vifo vya ukoo, hata kama halikuandikwa popote. Mtoto anayelelewa na shangazi au mjomba, au mzazi mmoja asiyewasiliana na upande wa pili, anahitaji mtu wa kumtafutia habari hizo. Ni kazi ya simu mbili tatu.

Jambo moja zaidi. Kijana wa miaka 15 au 16 apewe pia dakika chache za kuzungumza na tabibu bila mzazi. Yapo mambo ambayo hatayasema mbele ya baba yake: maumivu anayoyaficha asije akatolewa kwenye timu, vidonge anavyopewa na wenzake, hedhi nzito inayomwacha binti bila damu ya kutosha. Na majibu yabaki kwa tabibu na familia. Hali ya afya ya mtoto si tangazo la mstarini.

Tabibu naye afanye nini?

Baada ya maswali, kuna uchunguzi wa mwili ambao hauzidi robo saa na hauhitaji umeme wala maabara kubwa. Mtoto mwenyewe awepo, avue shati. Apimwe uzito, urefu na presha. Tabibu asikilize moyo mtoto akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, kwa kuwa baadhi ya sauti mbaya hujitokeza zaidi akisimama. Aguse mapigo ya mkononi na ya kwenye nyonga, aone kama yanalingana. Asikilize mapafu. Aangalie macho, weupe wa viganja, mgongo, magoti na vifundo. Palipo na uwezo, apimwe wingi wa damu, na asiyejua hali yake ya selimundu apimwe.

Jambo hili halihitaji kila mzazi asafiri. Tabibu mmoja na muuguzi mmoja wa kituo cha afya wanaweza kwenda shuleni wiki sita hivi kabla ya mashindano, wakiwa wamekwisha kupokea karatasi za maswali zilizojazwa nyumbani. Wiki sita zinatosha kumtuma hospitali mtoto mwenye jibu la mashaka na kupata majibu kabla ya timu kusafiri. Fomu inayogongwa mhuri jioni ya kuamkia safari haina nafasi hiyo.

Vipi kuhusu ECG?

Wasomaji wengi huuliza: si bora kila mtoto apimwe umeme wa moyo, yaani ECG, tukamaliza ubishi?

Italia ilichukua njia hiyo. Tangu 1982 sheria inawataka wanamichezo wa mashindano wapimwe, pamoja na ECG. Katika jimbo la Veneto, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha vifo vya ghafla vya wanamichezo vijana vilipungua kwa karibu asilimia 90 katika miaka iliyofuata. Lakini Israel nayo ilipitisha sheria kama hiyo mwaka 1997, na watafiti waliolinganisha miaka ya kabla na baada hawakuona tofauti. Marekani, kwa upande wake, chama cha wataalamu wa moyo kinasisitiza maswali na uchunguzi wa mwili, bila kulazimisha ECG kwa kila kijana.

Uingereza ina somo jingine. Kati ya 1996 na 2016 vijana 11,168 wa akademi za soka, wenye umri wa wastani wa miaka 16, walipimwa kwa maswali, uchunguzi wa mwili, ECG na picha ya moyo ya mawimbi ya sauti. Waliogundulika na magonjwa yanayoweza kuua ghafla walikuwa 42. Hiyo ni faida kubwa kwa familia 42. Hata hivyo, katika wanane waliokuja kufa kwa maradhi ya moyo miaka iliyofuata, sita walikuwa wamepimwa na kuonekana wazima.

Kuna tatizo la ziada linalotuhusu moja kwa moja. Moyo wa mwanamichezo hubadilika kwa mazoezi, na kwa vijana wenye asili ya Afrika ECG mara nyingi huonyesha michoro ambayo kwa Mzungu ingeitwa ugonjwa. Asiyezoea kuisoma anaweza kumzuia kijana mzima, au kumtisha mzazi bure na kumtia gharama za vipimo vingine.

Msimamo wangu, basi, ni kwamba ECG kwa kila mwanafunzi wa UMISSETA si pa kuanzia. Tuanze na maswali na mikono ya tabibu kwa wote. ECG na picha ya moyo viwe kwa mtoto ambaye jibu lake moja tu lina mashaka, na kwa hao visikosekane kwa sababu ya fedha. Kwa vijana wanaoingia akademi na klabu zinazowafanyisha mazoezi kila siku, wenye klabu walipie ECG, isomwe na mtu anayejua mioyo ya wanamichezo. Na uchunguzi urudiwe. Mtoto aliyeonekana mzima akiwa na miaka 13 bado hajamaliza kukua. Maswali yaulizwe upya kila mwaka.

“Wakimkuta na kitu watamtoa”

Hofu hii ndiyo inayowafanya wazazi na walimu waseme uongo kwenye fomu. Kijana ana kipaji, wanaotafuta wachezaji watakuwepo, huenda ikawa ndiyo njia ya familia kutoka kimaisha. Naielewa. Lakini kijana mwenye tatizo akifichwa, kipaji hicho hicho ndicho kinachomweka hatarini, kwa sababu atakimbia zaidi ya wote.

Mwaka 1996 Nwankwo Kanu, akiwa na miaka 20, alikuwa nahodha wa Nigeria iliyotwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Atlanta. Alipohamia Inter Milan, vipimo vya kawaida vya klabu vilionyesha valvu ya moyo wake ina hitilafu. Wengi walidhani amekwisha. Alifanyiwa upasuaji nchini Marekani Novemba mwaka huo, akarudi uwanjani mwaka uliofuata, akaenda Arsenal, na akaichezea Nigeria hadi Kombe la Dunia la 2010. Mwaka 2000 alianzisha taasisi inayosaidia watoto wenye magonjwa ya moyo. Kama vipimo vile vingekuwa vya kugonga mhuri, huenda leo tungekuwa tunamkumbuka kama tunavyomkumbuka Foé.

Watoto wengi wanaokutwa na jambo hawatolewi kwenye michezo. Mwenye pumu anapewa dawa ya kuvuta na maelekezo ya kuitumia kabla ya kukimbia. Binti aliyepungukiwa damu anatibiwa na kurudi. Mwenye valvu iliyoguswa na maambukizi ya koo anaanzishiwa sindano za penisilini kila baada ya wiki tatu au nne ili isiharibike zaidi, na daktari anamwambia mchezo gani unamfaa. Mwenye kinasaba cha selimundu anaruhusiwa kucheza, ila kocha ajue: aanze mazoezi taratibu, apewe maji, aachwe apumzike anaposema amechoka. Wanaozuiwa kabisa ni wachache, na hao pia hawakomi hapo. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyopo Muhimbili tangu 2015, inafanya upasuaji wa moyo ambao zamani mtoto alilazimika kupelekwa India.

Na hata kwa yule mmoja anayeambiwa mpira basi, mzazi akumbuke bado ana mtoto. Anaweza kuwa mwamuzi, kocha, mpiga picha, au akaendelea na mazoezi mepesi aliyoelekezwa.

Uwanja wenyewe uwe tayari

Kwa kuwa hakuna uchunguzi unaonasa kila tatizo, uwanja lazima uwe na mpango. Juni 12, 2021 Christian Eriksen wa Denmark alianguka mjini Copenhagen katika mechi dhidi ya Finland. Alikuwa mchezaji wa klabu kubwa, amepimwa mara nyingi. Kilichomwokoa siku ile ni watu waliofika kwake haraka, wakakandamiza kifua na kutumia mashine ya kushtua moyo.

Mashine hiyo haipo kwenye viwanja vyetu vya shule, lakini mikono ipo. Mchezaji akianguka mwenyewe bila kugongwa na mtu, haitiki na hapumui kawaida, chukulia moyo umesimama. Usidanganywe na mwili kutikisika kidogo kama mwenye kifafa au kukoroma kwa kukatakata. Hutokea moyo unaposimama. Usimmwagie maji, usimtie kijiko mdomoni, usimkalishe. Mlaze chali mahali pagumu, weka viganja viwili katikati ya kifua, kandamiza kwa nguvu kina cha sentimita tano hadi sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkipokezana, huku mwingine akiita gari. Msisimame mpaka apumue au msaada ufike. Kila mwalimu wa michezo anaweza kujifunza hili kwa siku moja, na kila timu inayosafiri inapaswa kuwa na angalau mmoja anayelijua.

Na kanuni moja ndogo kwa wazazi na makocha: mtoto mwenye homa hachezi, hata kama ni fainali. Baadhi ya virusi vinavyoleta homa na mafua hushambulia pia msuli wa moyo, na mazoezi makali wakati huo huongeza hatari.

Tuulize kwenye kikao cha wazazi

Kikao kijacho cha wazazi, baada ya kujadili michango na chakula, mtu mmoja anyanyue mkono na kuuliza mambo manne. Je, watoto wetu wataulizwa maswali na kupimwa kabla ya kwenda mashindanoni, au ni mhuri tu? Ni zahanati au kituo gani cha afya kitakuja shuleni, na lini? Mtoto akikutwa na shaka, nani atamfuatilia mpaka apate majibu? Nani kwenye msafara anajua kukandamiza kifua, na gari litatoka wapi?

Mamlaka za elimu na afya zina sehemu yao. Karatasi moja ya maswali kwa Kiswahili, inayofanana nchi nzima, haitagharimu sana kuichapa. Kuwapa matabibu wa wilaya siku chache za kwenda shuleni kabla ya mashindano ni suala la ratiba. Wanaotafuta wadhamini wa jezi na vikombe wanaweza kumwomba mdhamini huyo huyo alipie ECG za watoto watakaopewa rufaa.

Lakini mzazi asisubiri waraka. Usiku wa leo, kabla ya kulala, muulize mwanao kama kuna siku alisikia kizunguzungu au kifua kumbana akiwa anakimbia. Halafu mpigie simu bibi yake, umuulize yule baba mdogo alikufaje.